Gari la Wagonjwa la Mzee Gundi

Mambo yote yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa, muda wa chai ya asubuhi, pale Mzee Gundi alipochokora tone la mwisho chini ya kichupa cha rangi ya kucha, akalinyanyua kwa ncha ya kijiti cha meno, akalipaka juu ya kimulimuli cha gari la wagonjwa. Tone likatulia. Kimulimuli kikang'aa kama kimelowa. Gari likawa limekamilika.

Ukimuuliza mwenyewe atakukatalia. Atakwambia mambo yaliharibika zamani, siku mkewe alipoanguka jikoni, na walioyaharibu anawajua kwa majina, kwa vyeo na kwa vitambi. Hilo tutalifikia. Lakini hii ya Jumanne ni yake peke yake, na ndiyo maana haitaji.

Gari lenyewe lilikuwa la plastiki, urefu wake kiganja na nusu. Mzee Gundi alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na tangu mikono ianze kutetemeka kwenye nyundo alikuwa amestaafu, ingawa ajabu ni kwamba mikono hiyohiyo haikutetemeka kwenye kibano. Plastiki aliianza mkewe akiwa hai. Aliokota boksi la kwanza kwenye duka la vitu vya mtumba: vipande vya gari dogo vimeshikana kwenye fremu kama samaki kwenye wavu, maelekezo ya lugha asiyoijua, na picha ya gari jekundu juu ya kifuniko. Akavikata kwa kikata kucha, akavisugua kwa msasa, akavibana kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ishike. Toka hapo hakutoka tena. Nyaya za breki alizitengeneza kwa nyuzi za shaba za spika mbovu za masikioni. Mikanda ya viti, karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Stika za kulowekwa majini alizilaza pumzi kaziba, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala.

"Mchana kutwa unayapiga magari nyundo," mkewe alikuwa akimwambia, mikono kiunoni, "jioni unakuja kuyabembeleza kwa kijiti cha meno. Mimi hujawahi kunibembeleza hivyo hata siku ya harusi."

"Wewe hukuja kwa vipande, mama watoto."

"Endelea hivyo hivyo, utaniokota kwa vipande."

Na siku alipoona taa za nyuma mumewe amezipaka rangi ya mlango, alicheka mpaka akakaa chini. "Taa gani hizi, zimepauka kama macho ya mlevi?" Akaenda chumbani, akarudi na kichupa cha rangi yake ya kucha, nyekundu ya damu ya mzee. Toka siku hiyo kila gari kwenye rafu ya Mzee Gundi lilikuwa na taa za nyuma za rangi ya kucha za mkewe. Naye mke alipokwenda, kichupa kilibaki.

Sasa tuifikie ile siku.

Alipoanguka, walipiga simu kituo cha afya. Kituo kilikuwa na gari la wagonjwa, na Mzee Gundi alilijua kuliko aliyelitengeneza, kwa sababu mlango wake wa mbele uliwahi kubonyea na yeye ndiye aliyeunyoosha, ukabaki na mbonyeo mdogo chini ya kitasa ambao haukukubali kutoka. Simu ilipokelewa na Mkuu wa kituo mwenyewe. Huyu watu walimwita Tunashughulikia, kwa kuwa maji yakikatika alisema tunashughulikia, dawa zikiisha tunashughulikia, na siku choo cha wagonjwa kilipoporomoka alikuja akakitazama, akatikisa kichwa, akasema vilevile. Siku ile alisema, "Liko njiani." Wakasubiri. Wakasubiri mpaka Mzee Gundi akaona macho ya mkewe yanabadilika, akasimamisha lori la mbao, wakampakia juu ya mbao. Hakufika.

Kwenye mkutano wa wakazi baada ya mazishi, Tunashughulikia alisimama na suti yake, akasema anaungana na familia katika majonzi, ila lazima ukweli usemwe: gari lilikuwa njiani. Familia ilifanya haraka kumtoa mgonjwa. Laiti wangevuta subira.

Neno hilo likamkaa Mzee Gundi kooni kama mwiba. Hakuna aliyemwambia kitu usoni, lakini alizisikia sauti zikishuka akipita. Mzee wa watu, haraka zake tu. Na wakati huohuo gari lenyewe, kila mwenye macho alijua, lilikuwa limekaa juu ya mawe nyuma ya kituo, kando ya tangi la maji. Lakini tangu lini? Hapo ndipo maneno yalipogawanyika. Wengine walisema lilipandishwa mawe baada ya msiba, wengine kabla. Magurudumu yalikuwa yameazimwa gari la mkubwa mmoja, yakasahau njia ya kurudi. Kuku wa mlinzi alikuwa akitagia kwenye kiti cha nyuma. Dirisha la ofisi ya Tunashughulikia lilitazama uani kabisa, na yeye aliliwekea pazia.

Mzee Gundi hakutaka fidia wala samahani. Alitaka neno moja litoke kwenye mdomo ule mbele ya watu: halikutoka. Gari halikutoka. Basi. Akishalisikia hilo, watu watajua kwamba hakumuua mkewe kwa pupa.

Ndipo akapata wazo. Alichukua boksi la gari la mizigo alilokuwa amelitunza, akalifanya gari la wagonjwa. Akafungua madirisha ya ubavuni kwa wembe wa moto. Akatengeneza machela kwa vijiti na kipande cha soksi. Akauweka mbonyeo chini ya kitasa, kwa kichwa cha msumari kilichopashwa moto kidogo, mahali pake palepale. Mwandiko wa ubavuni, ule ambao herufi ya mwisho ilikuwa imeteleza chini kwa sababu aliyeandika alikuwa na haraka ya kwenda kunywa, naye akautelezesha. Kisha akalichafua, maana gari lisilo na uchafu ni mwanasesere. Akachuja vumbi la mtaa wenyewe kwa soksi ya zamani ya mkewe, akalipuliza kwenye matairi na chini ya milango, akatia matone ya kahawa kuwa kutu. Jumamosi kulikuwa na mkutano. Angelitoa gari mfukoni, angeliweka mezani mbele ya Tunashughulikia, angesema: "Haya, Mkuu. Lile ulilosema liko njiani, lilikuwa kama hili? Nionyeshe hapa mezani lilipita wapi."

Hotuba aliisemea kioo mpaka kioo kikachoka.

Basi Jumanne hiyo, rangi ya kimulimuli ikiwa bado mbichi, alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, gari limekaa kwenye kizingiti, vumbi limetandazwa mbele yake kama barabara. Hivi ndivyo alivyoyakagua magari yake yote. Ukishusha jicho mpaka usawa wa ardhi, gari linasimama mbele, nyumba za ng'ambo zinakaa nyuma yake, na macho yanakubali kudanganywa.

"Hodi, shemeji! Umeanguka au unaabudu?"

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwanamke wa kibanda cha kuuza vocha na vipodozi, ulimi wake hauna breki.

"Pita huku pembeni. Usikanyage barabara."

"Barabara!" Shemeji alichungulia. Kicheko kikamkauka. Akainama, akapiga magoti, mwisho akalala naye vumbini, gauni na yote. "Ni lenyewe," alisema polepole. "Shemeji, ni lenyewe kabisa. Mpaka ule mbonyeo."

"Mbonyeo ni wangu. Nimeunyoosha mwenyewe ukanishinda."

"Na hicho kimulimuli..." Alikuwa ameitambua rangi. "Imeisha?"

"Imeisha."

Shemeji alivuta pumzi, kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia kabla ya chai, akatoa simu. "Hili lazima lionekane." Akailaza simu chini kabisa, akapiga. Kwenye picha lilikuwa gari la wagonjwa, vumbi la safari kwenye matairi, limeegeshwa mtaani, nyuma yake kibanda cha fundi viatu na kamba ya nguo ya jirani. Akaituma kwenye kundi la simu la wakazi na maneno machache: *Jamani, gari la wagonjwa liko mlangoni kwa shemeji yangu.*

Hakusema uongo hata kidogo. Alidhani watacheka.

Hawakucheka. Simu ilianza kutetemeka mkononi kama ina homa. *Hatimaye!* *Mungu mkubwa.* *Limepona lini?* *Huo mbonyeo naujua, ni lenyewe.* *Hongereni viongozi.* Shemeji akaanza kuandika kwamba jamani ni la plastiki, vidole vikiwa bado vinatafuta herufi, ndipo ujumbe ukaingia wa Tunashughulikia mwenyewe:

*Ndugu wananchi, tulisema tunashughulikia. Asanteni kwa subira yenu.*

Wote wawili waliusoma mara mbili. Mzee Gundi akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kutu, kilichokaa bila kutumika muda mrefu, na kilimtisha shemeji yake.

"Amejisifu kwa gari langu," alisema. "Umeona? Kajisifu kwa plastiki!"

"Niwaambie basi."

"Thubutu! Futa hayo maneno."

"Shemeji..."

"Futa. Mwache azame. Jumamosi nitaliweka mezani, watu wote wamekaa, nitamuuliza: hili ndilo ulilolishughulikia? Atajificha wapi? Mtu aliyedanganya leo, alidanganya na siku ile. Watajua wenyewe."

"Na mtu akiumwa kabla ya Jumamosi?"

"Kwani leo ndiyo wameanza kuumwa? Wameumwa miaka yote bila gari. Watakwenda walivyokuwa wakienda."

Shemeji akafuta. Alikuwa na dada yake wa kumdai Tunashughulikia, na yeye pia hasira ilikuwa tamu.

Kesho yake alikuja Dereva. Huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na kwa kuwa gari halikuwa na magurudumu, kazi yake ilikuwa kulifuta kioo kila asubuhi na kumwondoa kuku. Siku hiyo alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekuta nyumba yake imepangishwa.

"Mzee, naomba uniambie ukweli. Nani aliyeliendesha?"

"Lipi?"

"Lililokuwa hapa mlangoni kwako jana! Nimeona picha, nikakimbia uani, nikakuta letu liko palepale na yule kuku amenikodolea macho. Basi wameleta la pili. Na mbonyeo wameuweka palepale ili mimi nisijue! Mzee, wamenifukuza kazi kimyakimya?"

Mzee Gundi aliuma shavu kwa ndani. Gari lilikuwa kwenye kopo la mkate juu ya rafu, nyuma ya mgongo wa Dereva. "Kamuulize mkubwa wako."

"Nimemuuliza. Kasema, 'Dereva, wewe si ndiye uliyelitengeneza? Kazi nzuri, endelea hivyo.' Akafunga mlango."

"Hakufungua pazia?"

"Pazia? Lile pazia nadhani limeshonewa ukutani."

Akaondoka akiburuta miguu, na Mzee Gundi akakaa na furaha yake. Ikawa hivi sasa: Tunashughulikia aliamini Dereva amelitengeneza gari, Dereva aliamini Tunashughulikia ameleta jingine, na wakazi waliwaamini wote wawili. Nchi nzima huendeshwa hivyo, Mzee Gundi aliwaza, ila huwa hakuna anayepata bahati ya kuiona ikiendeshwa na kitu cha kiganja na nusu.

Siku ya Alhamisi ndiyo angeweza kulimaliza. Fundi viatu wa ng'ambo, kijana mpole mwenye mke mjamzito, mtoto wao wa kwanza, alivuka barabara kumrudishia viatu vyake vya kuvaa mkutanoni.

"Nimevipiga na kiwi, mzee wangu. Bure. Nina furaha tu."

"Furaha ya nini?"

"Si hilo gari! Nilikuwa nimemwomba yule wa gari la mitungi ya gesi asiende mbali siku hizi, kwa ajili ya mama kijacho. Leo nimemwambia aendelee na safari zake. Jumanne asubuhi nilikuwa nimekwenda kununua ngozi, sikuliona, lakini tangu nione ile picha, na kibanda changu nyuma yake, nimelala usingizi."

Mzee Gundi alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, limekaa ulimini, halikuwa refu. Akauliza, "Siku zake zimefika?"

"Aa, bado. Wiki mbili, wamesema."

Mdomo ukajifunga wenyewe. Wiki mbili! Na Jumamosi ni keshokutwa. Akavishika viatu, akavisifia kiwi.

Wiki mbili zilikwisha kesho yake, Ijumaa, watu wakiwa wametoka kula mchana.

Aliyebisha mlango, kwa mateke, alikuwa Dereva, jasho linamtiririka. "Mzee! Gari liko wapi?"

"Gari gani?"

"Lile la hapa! Mke wa fundi viatu amekamatwa na uchungu, wamepiga simu, Mkuu kawaambia liko njiani, kisha kanigeukia mimi, 'Nenda!' Niende na lipi? Picha ilipigwa hapa mlangoni, nikajua labda linalala kwako. Toa funguo, mzee, yule mama analia!"

Mzee Gundi alitazama ng'ambo. Mlangoni kwa fundi viatu wanawake walikuwa wamesimama, wametulia, wamemfunga mgonjwa kanga kiunoni na kumkalisha kwenye kiti, nyuso zao zimeelekea upande barabara inakotokea. Walikuwa wanasubiri. Alizijua nyuso zile. Aliwahi kuwa na uso kama ule.

"Hakuna gari!" alipiga kelele, na sauti haikuwa yake. "Hakuna gari, msisubiri! Leteni mkokoteni!"

Mkokoteni wa muuza maji ulikuwa kwenye kona. Wakamwaga madumu. Mzee Gundi alishika mti mmoja wa kusukumia, Dereva mwingine, fundi viatu alikimbia ubavuni ameshika mkono wa mkewe, na shemeji alitangulia mbele akiwatawanya watu kwa matusi yasiyoandikika. Mzee yule hakuwa amesukuma kitu tangu astaafu. Alisukuma mpaka akaona nyota. Kila gurudumu lilipoingia shimoni mama yule alipiga yowe, na kila yowe lilimchoma mahali alipopajua.

Kwenye geti la nyuma la kituo ekseli ikakatika. Mkokoteni ukainama upande. Ngazi za wodi zilikuwa mbali na mtoto hakuwa mbali. "Hapo! Mwingizeni hapo!" muuguzi alifoka, akionyesha kivuli cha kwanza kilichokuwa na paa. Wakafungua milango ya nyuma, kuku akatoka akilalamika kama mpangaji, na mama akalazwa ndani ya gari la wagonjwa, juu ya mawe, kando ya tangi la maji. Humo ndimo mtoto wa kike alimozaliwa. Mama alitoka damu nyingi, muuguzi alipambana naye mpaka jua linapinda, mwisho akatoka akijifuta mikono, akasema atapona, ila wangechelewa kidogo tu zaidi asingekuwa na la kusema.

Fundi viatu alimkumbatia Mzee Gundi, akamlowesha bega kwa machozi. "Bila wewe, mzee wangu, bila wewe..."

Mzee Gundi alisimama kama mti. Mikono yake haikujua pa kwenda.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mzee Gundi alikaa mstari wa mbele, viatu vinang'aa, kopo la mkate mapajani. Shemeji alikaa kando yake. Njiani alikuwa ameuliza tu, "Bado utaliweka mezani?" Naye akajibu, "Sijui," wakaendelea kutembea.

Tunashughulikia alifungua mkutano kwa tabasamu pana. "Ndugu wananchi, nina furaha kuwatangazia kwamba jana mtoto mwenye afya njema amezaliwa ndani ya gari letu la wagonjwa."

Na hilo nalo halikuwa uongo. Wawili watatu walianza kupiga makofi, mikono ikafia hewani, maana fundi viatu alikuwa amesimama. Yule kijana mpole. Shati lake lilikuwa lile la jana.

"Mkuu, nilikupigia simu. Ulisema nini?"

"Ndugu yangu, kwanza pongezi..."

"Ulisema nini?"

"Nilisema... liko njiani."

"Njia ipi? Nimelikuta limekalia mawe! Mke wangu kazalia kwenye mavi ya kuku!"

Ukumbi ukachemka. "Mjibu!" "Usimpake mafuta, mjibu!" "Wewe si ulituandikia asanteni kwa subira?" Mwanamke mmoja nyuma alipaza, "Hata siku ya marehemu mke wa Mzee Gundi ulisema liko njiani!" na vichwa vikamgeukia Mzee Gundi, kwa mara ya kwanza bila ile sauti ya kushuka.

Tunashughulikia alitoa leso. Alifuta paji, akafuta shingo, akatazama mlango, ambao ulikuwa umejaa watu. Na mtu akibanwa kweli hutupa mzigo wowote alio nao, hata ule aliouficha siku nyingi.

"Sikilizeni! Msinionee! Mimi niliona picha kama ninyi mlivyoiona! Gari lile halitembei! Kila mwaka nawaandikia wa juu, kila mwaka kimya! Halijatoka pale kwenye mawe hata mara moja, hata huo msiba wa mzee huyu ulipotokea lilikuwa palepale. Halikutoka! Sasa ningelitoaje jana?"

Halikutoka.

Lilisemwa mbele ya watu wote, kwa mdomo uleule, kwa sauti ya kutosha. Shemeji alishika mkono wa Mzee Gundi akaubana. Ukumbi mzima uliguna, mguno wa watu waliokuwa wamemhukumu mtu kwa miaka na sasa wanaona aibu. Mzee mmoja wa mstari wa pili alimgusa bega kutoka nyuma, akamwambia, "Tusamehe, ndugu yetu." Lile 'halikutoka' ndilo neno alilolisubiri, alilolisugua kwa msasa, alilolipaka rangi. Limefika mlangoni. Na yeye alisubiri furaha ije, akasubiri, na furaha ilikuwa njiani.

Fundi viatu alikuwa bado amesimama. Hakuwa anamtazama tena Tunashughulikia. Alikuwa anawatazama watu, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayetafuta kiatu chenye msumari ndani.

"Basi Mkuu hakulitengeneza," alisema. "Dereva hakulitengeneza. Hakuna aliyelitengeneza. Mimi nilikuwa na gari la gesi, nimelirudisha kwa mkono wangu kwa sababu niliona picha. Hapa ndani kuna mtu mmoja tu aliyenifaa jana, ni huyu mzee, alisukuma mpaka akakaribia kufa, naye ndiye mlimsema miaka yote." Akageukia mistari ya nyuma. "Wengine wote mtanijibu. Wale wa kundi, niliowaona wakishangilia. Sitaki pole zenu. Dada wa vocha alituma picha tu, hata yeye hakuandika kwamba limepona."

Dereva alitazama kopo la mkate kwenye mapaja ya Mzee Gundi. Akakunja paji la uso, kama mtu anayekumbuka rafu aliyoipa mgongo. Ndani ya kopo, gari lilikuwa limeegemea ubavu, na kimulimuli, chenye rangi ya kucha za mkewe, kilikuwa bado hakijakauka vizuri, maana tone la mwisho la kichupa huwa zito na hukawia. Mzee Gundi aliweka viganja vyote viwili juu ya kifuniko. Shemeji aliutoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mzee.

"Nauliza," fundi viatu alisema, "nani alituambia gari limepona?"